Kusafisha mti wa msimbo chanzo wa Linux

Kusafisha mti wa msimbo chanzo wa Linux ni kazi ya kurudisha saraka yenye msimbo chanzo wa kiini cha Linux katika hali iliyokuwa nayo kabla ya kujengwa, yaani bila faili zilizozalishwa na kompaila, bila usanidi wa zamani na, ikihitajika, bila mabadiliko yoyote yaliyofanywa na mtumiaji. Kazi hii hufanywa kwa vyombo viwili tofauti: amri za `make` zinazokuja pamoja na msimbo wenyewe, na amri za Git, programu ya kutunza historia ya msimbo.

Amri hizo hufuta kwa viwango tofauti. Baadhi yake hufuta tu vitu ambavyo kompyuta inaweza kuvitengeneza tena. Nyingine hufuta usanidi, funguo au kazi ya mtu ambayo haikuhifadhiwa mahali pengine. Kwa hiyo anayesafisha anapaswa kujua kila amri inaacha nini na inaondoa nini.

## Usuli

Kiini ni sehemu ya mfumo endeshi inayosimamia kumbukumbu, prosesa, diski na vifaa vingine vya kompyuta. Kiini cha Linux kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Kinatolewa chini ya leseni ya GPL toleo la 2, inayompa kila mtu haki ya kusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuujenga upya. Kiini hicho kinatumika katika seva, simu za Android, ruta za intaneti na kompyuta za kawaida.

Msimbo chanzo unapatikana katika tovuti ya kernel.org kwa namna mbili. Ya kwanza ni faili moja iliyobanwa, yenye jina kama `linux-6.6.tar.xz`. Faili hiyo ina ukubwa wa zaidi ya megabaiti 100, na ikifunguliwa huchukua zaidi ya gigabaiti 1. Namna ya pili ni hazina ya Git yenye historia yote tangu mwaka 2005, ambayo hufikia gigabaiti kadhaa. Saraka iliyofunguliwa huitwa "mti" kwa sababu ina shina moja na matawi mengi: `arch` kwa aina za prosesa, `drivers` kwa viendeshi vya vifaa, `fs` kwa mifumo ya faili, `net` kwa mtandao, na kadhalika. Toleo la miaka ya karibuni lina makumi ya maelfu ya faili.

Kujenga kiini ni kugeuza msimbo huo uwe programu inayoweza kuendeshwa na prosesa. Kazi hiyo inaongozwa na `make`, programu iliyobuniwa na Stuart Feldman katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1976. Kanuni zake katika Linux zimeandikwa katika faili ziitwazo `Makefile`, na mfumo mzima wa ujenzi unajulikana kwa jina la Kbuild.

## Aina za faili katika mti

Baada ya kujenga, mti huwa na faili za aina nne zilizochanganyika:

* Faili asilia. Hizi ndizo zilizokuja na msimbo, kwa mfano faili za `.c`, `.h` na `Makefile`.
* Faili zilizozalishwa. Hizi ni pamoja na faili za `.o`, moduli za `.ko`, kiini chenyewe `vmlinux`, orodha ya anwani `System.map`, na faili zilizofichwa zenye mwisho wa `.cmd`.
* Faili za usanidi. Muhimu zaidi ni `.config`, inayotaja ni sehemu zipi za kiini zijengwe, zipi ziwe moduli na zipi ziachwe.
* Faili za mtumiaji. Hizi ni msimbo mpya aliouandika, viraka alivyoviweka ndani ya mti, nakala za kihariri, na mabadiliko aliyoyafanya ndani ya faili asilia.

Aina ya pili huzalishwa tena kwa kutumia umeme na muda. Aina ya tatu na ya nne zinaweza kuwa ni kazi ya siku au wiki nzima. Amri za kusafisha hutofautiana hasa katika kugusa aina hizi.

## Sababu za kusafisha

Mara nyingi mti hauhitaji kusafishwa. `make` hulinganisha muda wa faili na kujenga tena zile tu zilizobadilika. Zaidi ya hapo, Kbuild huandika katika faili za `.cmd` amri kamili iliyotumika kwa kila faili. Amri hiyo ikibadilika, faili hujengwa upya hata kama msimbo wake ni uleule. Ndiyo maana anayebadilisha mstari mmoja katika kiendeshi kimoja anaweza kujenga tena kwa muda mfupi.

Kusafisha kunahitajika hasa katika hali zifuatazo:

* Mti umetoka kwa mtu mwingine, au umefunguliwa juu ya saraka iliyokuwa na toleo jingine.
* Aina ya prosesa inabadilishwa, kwa mfano kutoka x86 kwenda arm64.
* Mtumiaji anataka kujenga nje ya mti, jambo ambalo Kbuild hukataa iwapo mti wenyewe una mabaki ya ujenzi wa awali.
* Umeme umekatika wakati wa ujenzi. Programu ya `make` ikisimamishwa kwa kawaida hufuta faili iliyokuwa ikitengenezwa, lakini kompyuta ikizimika ghafla haipati nafasi hiyo. Faili ya `.o` inaweza kubaki tupu au nusu huku muda wake ukionekana mpya, na `make` ikaiamini.
* Saa ya kompyuta si sahihi. Betri ndogo ya ubao mama ikiisha, kompyuta inaweza kuwaka ikiwa na tarehe ya miaka mingi iliyopita. Kwa kuwa `make` hutegemea muda wa faili, inaweza kuruka faili zinazotakiwa kujengwa.
* Kiraka kinatakiwa kuwekwa juu ya msimbo asilia, na si juu ya msimbo uliokwisha kubadilishwa.

Katika hali ya umeme na ya saa, dalili ni makosa ya ajabu katika hatua ya kuunganisha faili, au kiini kinachojengeka lakini hakiendani na moduli zake. Saa irekebishwe kwanza, ndipo mti usafishwe.

## Amri za make

Mfumo wa Kbuild una viwango vitatu vya kusafisha. Kila kiwango kinajumuisha kile kilichotangulia.

### make clean

```
make clean
```

Amri hii huondoa faili nyingi zilizozalishwa, zikiwemo za `.o` na `.ko`, `vmlinux` na `System.map`. Huacha faili ya `.config` pamoja na vitu vinavyotosha kujenga moduli za nje, yaani moduli ambazo msimbo wake haumo ndani ya mti wa Linux. Inafaa kwa anayetaka kujenga upya toleo lilelile kwa usanidi uleule.

### make mrproper

```
make mrproper
```

Amri hii hufanya kazi ya `make clean`, kisha huondoa usanidi na karibu kila kitu kingine kilichozalishwa. Miongoni mwa vinavyofutwa ni `.config`, `.config.old`, saraka za `include/config` na `include/generated`, faili ya `.version` inayohesabu idadi ya ujenzi, na ufunguo `certs/signing_key.pem`. Nyaraka za Linux huelekeza kuitumia kabla ya ujenzi wa kwanza, ili kuhakikisha kwamba hakuna faili za `.o` za zamani zilizobaki. Mwongozo wa Linux From Scratch, unaofundisha kujenga mfumo mzima kutoka katika msimbo, pia huanza ujenzi wa kiini kwa amri hii.

Jina lake linahusishwa na Mr. Proper, sabuni ya usafi inayouzwa katika nchi kadhaa za Ulaya na kampuni ya Procter & Gamble. Nchini Marekani bidhaa hiyo huitwa Mr. Clean.

### make distclean

```
make distclean
```

Amri hii huongeza juu ya `mrproper` kufuta nakala za kihariri na mabaki ya viraka. Hizi ni pamoja na faili zenye mwisho wa `.orig`, `.rej`, `.bak` na alama ya `~`, pamoja na faharasa kama `tags` na `cscope.out`. Hutumika kabla ya kufunga mti ili kumpelekea mtu mwingine.

Faili za `.rej` zinahitaji uangalifu. Programu ya `patch` huziandika pale sehemu ya kiraka inaposhindwa kuingia. Zikifutwa kabla ya kusomwa, mtumiaji hana tena orodha ya sehemu zilizokataliwa, na msimbo unabaki umebadilishwa nusunusu.

### Muhtasari

| Amri | Faili zilizozalishwa | `.config` | Mabaki ya viraka | Mabadiliko katika faili asilia |
|---|---|---|---|---|
| `make clean` | hufuta nyingi | huacha | huacha | huacha |
| `make mrproper` | hufuta | hufuta | huacha | huacha |
| `make distclean` | hufuta | hufuta | hufuta | huacha |

Safu ya mwisho ya jedwali hili mara nyingi husahauliwa. Hakuna amri ya `make` inayorudisha msimbo uliobadilishwa. Mtu aliyefuta mstari katika `kernel/fork.c` anaweza kuendesha `make distclean` mara kumi, na mstari huo hautarudi, kwa sababu `make` haina kumbukumbu ya jinsi faili ilivyokuwa.

## Amri za Git

Kumbukumbu hiyo imo katika Git, iliyoanzishwa na Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya Linux, baada ya jumuiya kupoteza ruhusa ya bure ya kutumia BitKeeper. Git hutunza kila hali ya msimbo iliyohifadhiwa, ambayo huitwa komiti.

Hatua ya kwanza ni kutazama hali ilivyo, bila kugusa chochote:

```
git status
git diff
```

Amri ya kwanza hutaja faili zilizobadilika na faili mpya. Ya pili huonyesha mistari yenyewe iliyobadilika. Faili za `.o` na `.config` hazitajwi na `git status`, kwa kuwa faili ya `.gitignore` ya Linux inaiagiza Git kuzipuuza.

Kurudisha faili moja:

```
git restore kernel/fork.c
```

Kurudisha faili zote zinazotunzwa na Git katika hali ya komiti ya mwisho:

```
git reset --hard
```

Amri hii hufuta mabadiliko yote ambayo hayajawekwa katika komiti, lakini haiondoi faili mpya ambazo Git haizitunzi. Hizo huondolewa na `git clean`:

```
git clean -ndx
git clean -fdx
```

Herufi `n` katika mstari wa kwanza ina maana ya kuonyesha tu orodha ya vitakavyofutwa. Herufi `f` hutekeleza, `d` hujumuisha saraka, na `x` hujumuisha hata faili zinazopuuzwa. Bila `x`, faili ya `.config` na faili za `.o` hubaki, pamoja na `x`, hufutwa zote.

`git reset --hard` na `git clean -fdx` zikitumika pamoja huufanya mti ulingane kabisa na komiti iliyochaguliwa. Hakuna hali iliyo safi zaidi ya hiyo bila kuchukua nakala mpya.

## Yanayoweza kupotea

### Usanidi

Linux ina maelfu ya chaguo za usanidi. Anayejenga kiini kwa ajili ya kompyuta fulani huweza kutumia siku kadhaa kuchagua viendeshi vinavyofaa. `make mrproper` hufuta kazi hiyo bila kuuliza. Kinga yake ni kunakili faili nje ya mti:

```
cp .config ../config-tabora
make mrproper
cp ../config-tabora .config
make olddefconfig
```

Amri ya mwisho husoma usanidi uliorudishwa na kujaza chaguo mpya kwa majibu ya kawaida. Ikiwa nakala haikuwekwa, usanidi wa kiini kinachoendeshwa wakati huo unaweza kupatikana katika saraka ya `/boot`, kwa jina linaloanza na `config-`, au katika `/proc/config.gz` kama kiini kilijengwa kwa kuruhusu hivyo.

### Ufunguo wa kutia sahihi

Kiini kinaweza kusanidiwa kikatae moduli zisizo na sahihi. Kama mtumiaji hakutoa ufunguo wake mwenyewe, ujenzi huzalisha mmoja na kuuweka katika `certs/signing_key.pem`. Kwa kuwa `mrproper` hufuta faili hiyo, ujenzi unaofuata hutengeneza ufunguo mwingine. Moduli zilizokwisha kusainiwa huendelea kufanya kazi na kiini cha zamani, lakini moduli mpya haiwezi tena kusainiwa kwa ajili yake kwa ufunguo uleule. Anayesimamia seva nyingi hushauriwa kuutunza ufunguo wake nje ya mti.

### Kazi ambayo haijahifadhiwa

Mabadiliko yaliyowekwa katika komiti hayapotei mara moja. Hata baada ya `git reset --hard` kwenda nyuma, amri ya `git reflog` huonyesha komiti zilizoachwa, na kwa kawaida hubaki kwa siku 30 au zaidi. Faili iliyowahi kuongezwa kwa `git add` bila kuwekwa katika komiti inaweza kutafutwa kwa `git fsck --lost-found`. Lakini mabadiliko ambayo hayakuwahi kupitia `git add` wala komiti hayamo popote ndani ya Git. Yakifutwa na `git reset --hard` au `git clean`, yamekwenda. Hata pipa la taka la eneo kazi halina nakala yake.

Njia salama ni kuweka kazi pembeni kabla ya kusafisha:

```
git stash -u
```

Herufi `u` hujumuisha faili mpya. Kazi hurudishwa baadaye kwa `git stash pop`. Njia nyingine ni kutengeneza tawi na kuweka komiti ya muda.

### Moduli za nje

Kiini kilichowekwa katika `/boot` hakiathiriwi mti wake ukisafishwa. Hata hivyo, saraka ya moduli za kiini hicho ndani ya `/lib/modules` huwa na kiungo kiitwacho `build` kinachoelekeza kwenye mti uliotumika. Baada ya `mrproper` kiungo hicho kinaelekeza mahali pasipo na usanidi, na moduli za nje haziwezi kujengwa kwa ajili ya kiini hicho mpaka mti uandaliwe tena. Kwa sababu hiyohiyo, amri hizi zisiendeshwe ndani ya saraka za faili za vichwa zilizowekwa na mfumo wenyewe chini ya `/usr/src`.

Moduli ya nje husafishwa peke yake kutoka katika saraka yake:

```
make -C /lib/modules/$(uname -r)/build M=$PWD clean
```

## Alama za mti usio safi

Linux yenyewe inaweza kutoa habari kwamba ilijengwa kutoka mti uliobadilishwa. Chaguo la `CONFIG_LOCALVERSION_AUTO` likiwashwa, jina la toleo huongezewa sehemu ya utambulisho wa komiti, na kama kuna mabadiliko yasiyo katika komiti, huongezewa neno `-dirty`. Bila chaguo hilo, alama ya `+` huweza kuongezwa pale komiti si ile ya toleo rasmi. Majina haya huonekana kwa amri ya `uname -r`.

Mtumiaji anaweza pia kuongeza jina lake mwenyewe kwa `CONFIG_LOCALVERSION`. Kwa mfano, thamani ya `-tabora` huzalisha jina kama `6.6.0-tabora`. Hii inasaidia kutenganisha viini viwili vya toleo moja, kwa kuwa kila kimoja hupata saraka yake ya moduli.

Habari hii ni muhimu wakati wa kuripoti hitilafu. Msanidi akiona `-dirty` hawezi kujua ni msimbo upi hasa ulioendeshwa, na huenda akaomba jaribio lirudiwe kwa mti safi.

## Viraka na matoleo madogo

Watumiaji wa faili iliyobanwa wanaweza kupandisha toleo kwa kupakua kiraka badala ya msimbo wote. Viraka vya matoleo ya marekebisho huhesabiwa kutoka toleo la msingi. Kiraka cha `patch-6.6.2` huwekwa juu ya 6.6, na si juu ya 6.6.1. Mwenye 6.6.1 hutakiwa kwanza kukiondoa kiraka cha awali:

```
xz -dc ../patch-6.6.1.xz | patch -p1 -R
xz -dc ../patch-6.6.2.xz | patch -p1
```

Hatua hii hufaulu tu kama faili asilia hazijaguswa. Mabadiliko madogo ya mtumiaji yanaweza kusababisha kukataliwa kwa sehemu ya kiraka. Kwa hiyo anayetumia faili iliyobanwa hufaidika akitengeneza hazina yake ya Git mara tu baada ya kuifungua, kabla ya kujenga au kubadilisha chochote:

```
git init
git add -f .
git commit -m "Linux 6.6 asilia"
```

Kuanzia hapo anaweza kutumia `git diff` na `git reset --hard` bila kupakua historia nzima ya Linux.

## Mahali penye intaneti ndogo

Njia rahisi ya kupata mti safi ni kufuta saraka na kupakua upya. Njia hiyo haina gharama kubwa kwa mwenye intaneti ya kasi isiyopimwa, lakini kwa mwanafunzi anayenunua bando kwa megabaiti ni tofauti. `make mrproper` humaliza kazi bila kutumia data yoyote, wakati upakuaji mpya huchukua zaidi ya megabaiti 100, na hazina kamili ya Git huchukua gigabaiti kadhaa.

Hadi mwaka 2009, ulipoanza kufanya kazi mkongo wa baharini wa SEACOM, sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti ya kimataifa. Baadaye mikongo ya pwani iliunganishwa na mikoa ya bara. Tabora, iliyokuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji katika karne ya 19, imeunganishwa na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Hata hivyo, kufika kwa mkongo mjini hakuondoi gharama ya data kwa mtumiaji mmoja mmoja, hasa anayetumia simu kama modemu.

Mbinu zifuatazo hupunguza upakuaji:

* Kuchukua historia fupi. Chaguo la `--depth 1` katika `git clone` huchukua hali ya mwisho tu, bila komiti za miaka iliyopita.
* Kubeba kwa flashi. Amri ya `git bundle create sasisho.bundle v6.6..v6.12` hufunga komiti zilizo kati ya matoleo mawili katika faili moja. Mtu aliyeko Dar es Salaam anaweza kuitengeneza, na mwenzake wa Tabora au Kigoma mwenye toleo la 6.6 akaihakiki kwa `git bundle verify` na kuiingiza kwa `git fetch`, bila intaneti.
* Kutunza faili iliyobanwa. Nakala ya awali ya `.tar.xz` ikihifadhiwa, mti safi hupatikana wakati wowote kwa kuifungua upya.

## Kuepuka uchafu tangu mwanzo

Njia iliyo bora ni kutochanganya msimbo na mazao yake. Chaguo la `O=` huelekeza faili zote zilizozalishwa, pamoja na `.config`, katika saraka nyingine:

```
make O=../ujenzi defconfig
make O=../ujenzi -j4
```

Mti wa msimbo hubaki kama ulivyokuja, na kusafisha kunakuwa ni kufuta saraka ya `ujenzi`. Mtu mmoja anaweza kuwa na saraka kadhaa za aina hiyo, kwa mfano moja ya x86 na nyingine ya arm64, kwa msimbo mmoja. Chaguo la `O=` linapaswa kutajwa katika kila amri ya `make`; likisahauliwa mara moja, faili huzalishwa ndani ya mti, na ujenzi wa nje hukataliwa mpaka `make mrproper` iendeshwe.

Kwa Git, amri ya `git worktree` huruhusu matawi mawili kufunguliwa katika saraka mbili kwa hazina moja, hivyo hakuna haja ya kusafisha kila mara tawi linapobadilishwa.

Ujenzi haupaswi kufanywa kwa haki za mtumiaji mkuu. Anayetumia `sudo make` huacha faili zinazomilikiwa na `root`, na `make clean` ya baadaye hushindwa kuzifuta kwa kukosa ruhusa. Haki hizo zinahitajika tu wakati wa kuweka kiini na moduli mahali pake, kwa `make modules_install` na `make install`.

Muda wa kujenga upya baada ya kusafisha hupunguzwa na programu ya `ccache`, inayotunza matokeo ya kompaila nje ya mti. `make localmodconfig` nayo huondoa katika usanidi moduli ambazo hazitumiki katika kompyuta wakati huo. Kabla ya kuitumia, vifaa vyote vinavyohitajika, kama printa au modemu, viwe vimechomekwa. La sivyo, viendeshi vyake vitaachwa nje.

## Utaratibu wa kawaida

Kwa anayetumia hazina ya Git, hatua za kusafisha kikamilifu bila kupoteza kazi ni hizi:

1. Kuendesha `git status` na kusoma orodha yote.
2. Kuhifadhi mabadiliko kwa komiti au kwa `git stash -u`.
3. Kunakili `.config` na, kama upo, ufunguo wa sahihi nje ya mti.
4. Kuendesha `make mrproper`, kwa kutaja `ARCH` ileile iliyotumika kujenga.
5. Kutazama kilichobaki kwa `git clean -ndx`.
6. Kuendesha `git clean -fdx` ikiwa hakuna kitu cha thamani katika orodha hiyo.
7. Kurudisha `.config` na kuendesha `make olddefconfig`.

Kwa anayetaka tu kujenga tena baada ya kubadilisha msimbo, hakuna hata moja ya hatua hizi inayohitajika: inatosha kuendesha `make`.